Seli Zangu Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Seli zangu za kukarabati mishipa ni arobaini na moja. Za jirani yangu wa kitanda cha dirishani ni sitini na sita. Hayo ni kwa mujibu wa daktari wa utafiti, aliyetusomea saa nne asubuhi, mbele ya mfagizi, bila kupunguza sauti.

Leo siku ya nne tangu wanifungue kifua. Walichukua mshipa mguuni, wakaushona moyoni. Nipo hai. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari mpasuaji, naushukuru hata mguu.

Daktari wa utafiti tunamwita Dada Mirija, kwa sababu ya kile kisanduku chake cha mirija ya kuwekea damu. Alieleza vizuri. Mwili ukipasuliwa huleta uvimbe wa ndani. Uvimbe huo huuamsha uboho ulio ndani ya mifupa, na humo hutoka seli zinazosafiri na damu kwenda kuziba palipochubuka. Anataka kujua nani anatoa ngapi, na kwa nini. Akasema haya si mashindano.

Jirani ni fundi lifti mstaafu. Aliposikia sitini na sita alijinyoosha kitandani kama aliyepandishwa cheo. Si mashindano!

Jumanne, 5 Machi

Daktari mpasuaji amepita. Kipimo changu cha uvimbe ni mia moja na themanini. Kikishuka chini ya sitini, Jumamosi naruhusiwa.

Hiyo Jumamosi naihitaji. Mke wangu analala kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi wa kusubiria tangu tulipofika. Nyumbani ni safari ya siku nzima. Hawezi kwenda na kurudi. Kiti hakina pa kuegemeza mikono. Goti lake la kushoto limefura. Kila asubuhi ananiletea chai na kusema amelala fofofo. Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na moja. Mtu akinitajia uzito usio wenyewe, namjua.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Uvimbe ushuke, kwa ajili ya mke wangu. Seli zipande, kwa ajili ya Fundi Lifti.

Nikamdodosa Dada Mirija. Seli hupanda mtu akitembea, alisema, lakini polepole, koridoni, na muuguzi pembeni. Akaonya tusimeze dawa yoyote ya nje, hasa vidonge vya maumivu ya viungo, maana vinashusha uvimbe. Nikaandika: vinashusha uvimbe. Aliendelea kusema jambo kuhusu figo, ila kalamu ilikuwa imeishiwa wino.

Jumatano, 6 Machi

Mpango: kushuka na lifti ya mashuka, kupanda kwa ngazi, kurudi kitandani kabla damu haijachukuliwa saa tano.

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Dakika arobaini, mimi na kapu la mashuka machafu.

Habari zikafika wodini. Fundi Lifti aliinuka, akatembea korido nzima huku muuguzi amemshika kiwiko, akasimama mlangoni kumwelekeza mlinzi pa kuingiza ufunguo. Kisha akaniambia kupitia upenyo: “Mzee mwenzangu, usiguse kitu. Na upumue kwa kiasi, hiyo hewa ni ya umma.”

Nikacheka. Mshono ukaniadhibu.

Damu ilichukuliwa kwa kuchelewa. Zangu thelathini na tisa. Zake themanini na nne! Dada Mirija alifurahi. Akasema tunaona sasa faida ya kutembea, mfano ni mzee huyu.

Namshukuru kwa kunitoa. Nasema kweli. Ila kumshukuru mtu mwenye seli themanini na nne ni kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Uvimbe mia moja na ishirini. Unashuka kwa mwendo wa kinyonga. Kwa hesabu yangu ya theluthi moja kila siku mbili, Jumamosi utakuwa themanini, na mke wangu atabaki kitini.

Alikwenda kusuuza chupa ya chai, akaacha mkoba juu ya kitanda changu. Ndani mna vidonge vyake vya goti. Vilibaki vinne. Nikavichukua vyote, ili asije akashangaa kuona viwili. Viwili mchana, viwili jioni. Nimefanya haya kwa upendo, na iandikwe hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Hamsini na mbili!

Dada Mirija alileta madaktari wawili kuja kunitazama. Alisema hajawahi kuona uvimbe ukishuka hivyo kwa siku moja. Nilitabasamu kwa unyenyekevu. Fundi Lifti aligeukia dirisha.

Jambo moja tu. Mke wangu alichelewa, akaja anachechemea. Vidonge vyake vimepotea, alisema. Ameinama chini ya viti vyote vya ukumbi pamoja na mfagizi. Nikamwambia vitaonekana.

Jumamosi, 9 Machi

Figo zimegoma. Vipimo vya asubuhi vimeonyesha. Hakuna kwenda nyumbani. Ni dripu hadi Jumanne.

Dada Mirija alivuta kiti. Hakufoka. Aliuliza kama kuna kitu nimemeza. Mke wangu alinitazama, kisha akautazama mkoba wake.

Nikakiri.

Dada Mirija akasema namba zangu za wiki nzima zinatupwa. Kisha akauliza kabla ya kustaafu nilifanya kazi gani. Fundi Lifti akanijibia: mkaguzi wa mizani. Muuguzi akatoka nje kwenda kucheka.

“Kumbe,” alisema Dada Mirija. “Basi mzee, ulikuwa ukimkuta mtu ameweka kidole kwenye mizani, unamfanyaje?”

Nilikuwa nawapeleka mahakamani. Nikamwuliza dripu itaisha saa ngapi.

Mke wangu alisubiri atoke. “Baba watoto, siku kumi na moja niko kwenye kile kiti nausubiri moyo wako. Habari za figo hukuniambia, ningekuja na mto.” Akanitengenezea shuka, akanipapasa mguu ule uliotolewa mshipa. Sijawahi kushukuru nikiwa na aibu kiasi hiki.

Jioni mtoto wa Fundi Lifti alileta kitanda cha kukunja. Baba yake alikuwa amempigia simu, bila kumwambia mtu. Akakipeleka ukumbini, akakifungua karibu na ukuta, akamkaribisha mke wangu.

Kitanda cha kukunja. Siku kumi na moja, sikukifikiria.

Jumanne, 12 Machi

Nimeruhusiwa. Figo zimerudi kazini. Mke wangu amelala kitandani usiku wa siku tatu, goti limepungua nusu. Vidonge vipya amevifunga kwenye leso, leso ameificha asikonionyesha.

Fundi Lifti alitoka Jumapili na seli tisini na moja. Aliniachia namba ya simu, kitanda cha kukunja, na ujumbe kwamba nipumzike. Nilipompa mkono nikaanza kumshukuru. Naye akasema yaishe, lifti ilikuwa mbovu tangu zamani.

Dada Mirija amekubali nianze upya kwenye utafiti. Masharti: hakuna vidonge, hakuna lifti. Nimetia saini mbele ya mke wangu, kwa moyo mweupe. Nimejifunza. Kuweka kidole kwenye mizani ni kosa. Kuandaa mzigo kabla haujafika mizanini, hilo sheria haikatazi.

Kipimo kinachofuata: Jumanne, 23 Aprili, saa tatu asubuhi, pamoja na Fundi Lifti. Ngazi za jengo nimezihesabu wakati wa kutoka: themanini na mbili. Nitafika saa mbili.