Mawe ya Mlima wa Mizeituni

Ndugu zangu wa bweni,

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya washarika wote wa Temeke. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na watu wengine, maana najua zitawafikia zimetiwa chumvi, na hazihitaji chumvi.

Mnakumbuka misheni iliponichagua mimi, kati yetu walimu sote, niende Palestina miezi miwili kujifunza nchi ya Biblia. (Mlinuna. Sasa furahini.) Nilipanda meli hadi Suez, kisha treni. Nikaona ule ukuta mkubwa wa Yerusalemu ambapo Wayahudi husali wakiwa wameegemeza paji la uso kwenye jiwe. Nikaingia katika sinagogi lao nikavua kofia kwa adabu zangu zote, na mzee mmoja akanirudishia kichwani, tena kwa kuigandamiza. Nikapelekwa kando ya ziwa la Galilaya, wataalamu wanakochimbua sinagogi la kale, nguzo zimelala chini na sakafu ina michoro ya zabibu. Pale tulionywa tusiokote hata kigae, na tulipotoka tukapekuliwa mifuko. Nilitoka mikono mitupu na moyo wangu ukaniuma, kwa sababu nilikuwa nimeahidi watu zawadi.

Siku ya mwisho tulipita kwenye makaburi ya Wayahudi, ubavuni mwa Mlima wa Mizeituni. Juu ya mawe makubwa ya makaburi palikuwa na vijiwe vidogo, safi, vimepangwa vizuri. Hakukuwa na mlinzi wala aliyenionya. Nikadhani vimewekwa kwa ajili ya wageni, kama mtu anavyoweka sahani ya tende sebuleni. Nikaokota thelathini.

Basi niliporudi niligawa. Mama Tabitha, kiongozi wa kwaya, alipata moja. Muuza samaki wa jirani alipata moja. Mchungaji alipata moja akaliweka madhabahuni, karibu na mshumaa. Jiwe zuri kuliko yote, jeupe, nilimpelekea Mzee Nathanaeli, karani wa bandari, babake Naomi. Naomi mnamjua, ndiye niliyekuwa nawasomea barua zake mpaka mkanifukuza bwenini. Posa nilikwisha kuipeleka, na mzee alisema jibu nitalipata leo, baada ya kuwasimulia washarika safari yangu. Kwa hiyo leo sikuwa nasimulia safari. Nilikuwa naomba mke.

Nilivaa suti ya kaka yangu. (Mikono ilikuwa mifupi, lakini nikisimama mbali haionekani.) Kanisa lilijaa. Mchungaji, kwa kunitakia mema, alikuwa amemwalika pia Mzee Salomoni, fundi saa wa mjini, Myahudi aliyekuja kutoka Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kiswahili anakijua vizuri, amejifunza kwa wateja. Alikaa benchi la mbele na kofia yake kichwani, na mzee wa kanisa akamwendea amvue.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesafiri, "Mwacheni. Kwao heshima ni kufunika kichwa."

Watu wakanong'onezana kwa kunisifu. Mzee Nathanaeli akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kitu moyoni. Naomi akainama akatabasamu. Jamani, laiti ningeketi dakika ile ile.

Sikuketi. Niliwapitisha ukutani, sinagogini, ziwani. Nikaongeza ngamia mmoja ambaye hakuwepo. Mwishowe nikasema waliopewa mawe ya Nchi Takatifu wayainue juu, na mikono ikainuka kanisa zima. Mama Tabitha akasimama kushuhudia bila kuombwa.

"Mie nalisugua gotini kila asubuhi," akasema. "Sasa napanda ngazi bila fimbo."

Muuza samaki naye akasema lake analiweka kapuni, chini ya samaki wake, na tangu hapo biashara imechangamka.  Mzee Nathanaeli alilitoa lake katika leso nyeupe, akampa Mzee Salomoni alishike, akamwambia kwa fahari kwamba ni zawadi ya mkwewe. Alisema mkwewe! Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Mzee Salomoni akaligeuza kiganjani. Akaniuliza nimelitoa wapi hasa, nami kwa furaha ya kijinga nikamweleza kila kitu, mpaka lilivyokuwa limekaa juu ya kaburi. 

"Sisi hatupeleki maua makaburini," akasema. "Tunapeleka jiwe. Mtoto anakwenda kwa mama yake, analiweka, ijulikane kwamba alikuja. Uliokota mangapi?"

Nikasema thelathini.

"Basi ni watu thelathini waliokwenda kuwatazama wafu wao," akasema, "na sasa ni kama hawakwenda."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningejitetea. Akasema pia, polepole, akilitazama lile jiwe, kwamba yeye hana pa kuweka lake, kwa sababu mama yake na dada zake waliuawa vitani na hakuna anayejua walikolazwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na haikuwa aibu ya kuchekwa.

Lakini washarika walikuwa wamesikia neno moja tu: kaburi. Nanyi mnajua, iwe bara au pwani, anayechukua kitu kaburini akakiingiza katika nyumba ya watu anaitwaje. Mama Tabitha alilitupa jiwe kana kwamba ni kaa la moto, akakaa chini akilishika goti lake. Mchungaji alikwenda madhabahuni akaliondoa lake kwa ncha mbili za vidole. Mmoja mmoja wakaja kuyaweka mezani mbele yangu, bila kunitazama, na wenye watoto wakawavuta pembeni.

Mzee Nathanaeli alilichukua lake kiganjani mwa Mzee Salomoni, akawa wa mwisho. "Jibu lako nilikuja nalo, mwalimu," akasema, "na lilikuwa jema. Lakini kitu cha kaburini kimelala nyumbani kwangu wiki tatu, chumba kimoja na binti yangu. Yarudishe yote yalikotoka. Ukirudi, tutazungumza."

Nikamwambia kule sasa wanapigana, meli hazichukui wasafiri wa kwenda kutalii. Akasema atasubiri. Naomi alikuwa amekwisha kutoka, na simlaumu.

Nimebaki nayo chumbani, katika soksi. Ni ishirini na tisa, kwa sababu muuza samaki amekataa katakata kutoa lake. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuanza kucheka, naomba kujua: nani kati yenu anajuana na muuza samaki, na nani anajuana na nahodha?