Mkuki wa Yero Ulivyonipotezea Mtani

Segu, nyuma ya soko la vyungu
Jumatatu, siku tatu baada ya kipindi cha kumi na mbili

Kwa Mama Mkubwa Asitani Konta,
Kiongozi wa wachoraji wa katuni ya "Ng'ombe wa Mawinguni",
Bamako.

Mama mheshimiwa,

Habari za Bamako? Watu wa nyumbani hawajambo? Wachoraji wako hawajambo, na vidole vyao havijambo? Umeme upo? Kama wote ni wazima, tumshukuru Mungu, na sasa uniruhusu nilalamike.

Mimi ni Cemoko Balo, mhunzi, mwana wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi, na huko nyuma zaidi usiulize, ni moshi mtupu. Shule sikukanyaga. Herufi nilizijua kwa kugonga majina ya watu kwenye majembe yao, kwa hiyo ukiona nimekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka, si hasira, ni mazoea. Kazi yangu inajulikana. Kuna mkulima wa Markala alisahau jembe langu shambani, aliporudi akakuta limeshalima lenyewe mistari minne. Wa tano lilikuwa limeanza kuchoka.

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri tunaitoa televisheni nje, tunaiweka mlangoni pa karakana yangu, na kijiwe kizima kinakaa kutazama katuni yenu, birika likiwa juu ya makaa yangu. Yupo Mzee Kaba, aliyekuwa karani wa posta, ambaye anajua kila kitu na bado hajachoka kukisema. Yupo Bi Nyeleni, muuza bagia za kunde. Na yupo mtani wangu Demba Sangare, Mfulani, mwenye ng'ombe kumi na wanne na akili ya ng'ombe mmoja.

Hatukosi kipindi. Mawingu ni ng'ombe, mvua ni maziwa yao, na wahunzi walioko chini ya ardhi ndio wanaofua radi. Tumeyakubali hayo yote, Mama, wala hatukuuliza. Tunabishana yale ya kubishaniwa tu. Kwa mfano, hao ng'ombe wa mawinguni wanakula nini? Demba alisema, "Wanakula moshi wa wahunzi, ndiyo maana mvua ya Segu ina ladha ya masizi." Mzee Kaba yeye anashikilia kwamba yule ng'ombe mwekundu anayepandwa na Mfalme Yero ni mama yake Yero aliyegeuzwa. Bi Nyeleni akamwambia, "We Kaba, mfalme gani amkalie mama yake mgongoni mpaka vitani? Kunywa chai yako ipoe." Chai ikishapoa hainyweki, lakini tulimwelewa.

Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu asiyewapenda. Malalamiko yangu ni haya.

La kwanza: nundu. Ng'ombe wa Yero ana nundu karibu na mkia. Demba alipomwona mara ya kwanza alimaliza kwanza glasi nzima ya chai, kisha akasema, "Huyu hakuchorwa na mtu aliyewahi kuona ng'ombe. Huyu kachorwa na mhunzi." Nilitukanwa kwa kosa lenu, Mama. Hilo nililipokea, lilikuwa tusi zuri.

La pili: yule mhunzi wenu, Nfaji Balo, anapuliza moto kwa mdomo. Miaka hamsini niko karakana, sijawahi kupuliza moto wa chuma kwa mdomo. Viriba vya kuvukutia moto vipo, na mdomo wa mhunzi una shughuli zake nyingine. Halafu anaigonga radi ikiwa baridi! Radi haifuliwi baridi. Mimi nimewahi kuifua. Ule mwaka wa mafuriko ilianguka uani kwangu, nikaiwahi kwa koleo kabla haijazama ardhini. Ilitoa bawaba mbili za mlango na kijiko kimoja. Marehemu mke wangu hakukipenda kile kijiko, akikoroga uji unaungua. Bawaba zipo, njoo uzione, ila usiziguse mvua ikikaribia.

La tatu: katika kipindi cha sita Nfaji anaingia katikati ya vita kuwaamua watu, Yero anamwambia, "Toka hapa, mzee," na mhunzi anatoka. Anatoka! Mama, wewe ni mtu wa nchi hii. Mhunzi akisema yaishe, yanaisha. Mitaa miwili hapa ilishikiana mapanga kwa ajili ya kisima. Nilikwenda nikalaza nyundo yangu chini, katikati yao. Wakaanza kuulizana habari za watoto. Nyundo nikaisahau palepale, na watu waliogopa kugombana wiki tatu nzima, hata mtu na mkewe, mpaka nilipoikumbuka.

La nne ndilo lililonikalisha chini niandike. Kipindi cha saba. Yero anashuka na ng'ombe wake, anamchoma Nfaji mkuki begani, na damu inatoka. Tena mmeichora tone kwa tone, inaanguka polepole kama vile mnaionea fahari.

Mngewaita hao watu Zigizaga na Bumbwaji nisingesema kitu. Lakini ninyi mlimpa mfalme ukoo, mkamwita Sangare, na mhunzi mkamwita Balo. Na kila mtoto anajua: Mfulani na mhunzi ni watani wa kiapo. Nimtukane atake asitake, anivue kofia mbele ya wakwe, ale chakula changu sahanini na kukilalamikia chumvi. Damu, hapana. Tangu babu wa mababu, damu hapana.

Mimi na Demba tumetaniana miaka arobaini na mmoja. Asubuhi anapita na ng'ombe wake, anapaza sauti, "Wewe mla masizi, umeamka au bado unafuka?" Namjibu, "Nimeamka, mchunga mikia! Ng'ombe wako amekuruhusu kutoka leo?" Hapo ndipo siku inaanza. Nilipomzika mke wangu, watu wote walinishika mkono na kulia. Demba alikaa ukingoni mwa kaburi, akasema haondoki mpaka marehemu amrudishie maziwa yote aliyoyanywa nyumbani kwake, na kama ni vigumu, basi anirudishe mimi kiwandani nikafuliwe upya. Nikacheka pale makaburini, mbele ya imamu. Nisingecheka siku ile, Mama, wangechimba makaburi mawili.

Sasa lile tone la damu lilipoanguka, Demba alisimama. Akavua kofia yake ya majani, akanigeukia mbele ya kijiwe chote, akasema, "Fundi Balo, kwa niaba ya ukoo wangu, naomba radhi." Tukacheka sote. Yeye hakucheka. Akakaa, akaweka kofia magotini, akatazama chini mpaka kipindi kikaisha.

La tano ni matokeo. Tangu Ijumaa ile, wiki tano sasa, Demba Sangare ana adabu kwangu.

Naomba usome sentensi hiyo mara mbili.

Asubuhi anasimama mlangoni, ananiuliza kwa upole nimelalaje, na anasubiri jibu. Ananiletea maziwa, na anayamimina katika bakuli langu kwanza. Chai ikiwa tayari anasema, "Mpeni fundi wetu." Fundi wetu! Wiki ya pili nilimwambia ng'ombe wake amezaa, ndama ana masikio yake yeye Demba. Akasema, "Mungu amkuze." Wiki ya tatu nikaichukua kofia yake nikamvika punda wa muuza maji, nikampitisha sokoni. Akanishukuru kwa niaba ya punda, maana jua lilikuwa kali. Wiki ya nne alishika jembe nililomaliza kulifua, akaligeuza, akasema ni jembe zuri.

Alisema ni zuri, Mama. Demba. Jembe langu.

Watu wameanza kunitazama vibaya. Jirani yangu ameniletea mchuzi wa kuku, maana Mfulani akianza kumheshimu mhunzi, basi huyo mhunzi ana siku chache. Imamu amenipitia mara mbili bila sababu. Nikiamka sisikii tusi, nakaa kitandani sijui kama kumekucha. Nimefua mundu uliopinda upande usio wake. Nina watoto sita na wajukuu sijui wangapi, wote wananiheshimu, na nikikusanya heshima yao yote haijai kikombe kimoja cha matusi ya yule mzee. Huyo ndiye aliyebaki wa kunikumbusha kwamba mimi ni nani.

La sita, basi, ni madai.

Kwanza mfute lile tone. Kama halifutiki, mseme ilikuwa juisi nyekundu ya bisapu, Nfaji alikuwa ameificha begani. Tutaamini, tumeamini ng'ombe warukao.

Kama hamtaki, Yero ashuke katika kipindi cha mwisho, bila mkuki, akae mlangoni kwa Nfaji na amtukane kama inavyotakiwa: masizi yake, pua yake, viriba vyake, mpaka Nfaji anyanyuke na kujibu. Maneno kama mnayakosa mimi ninayo, nitawatumia kwa bahasha nyingine.

Na kama mtanijibu kwamba Yero ni picha tu, basi mleteni huyo picha hapa Segu aombe radhi mwenyewe, asimwachie Demba mzigo. Nitamwandalia kigoda.

Mkikataa yote hayo, nitawaita wahunzi. Tutakunja mikono kuanzia hapa mpaka Kayi. Hakuna jembe, hakuna sindano, hakuna bawaba, mtafungua milango kwa kuiomba. Sikukuu ya Tabaski ikifika mtachinja kondoo kwa maneno. Na kalamu zenu za kuchorea, hizo zenye ncha ya chuma, zitakumbuka nani aliyekizaa chuma.

Nakuomba usinichukulie kuwa mtu wa vurugu. Msalimie kila mchoraji kwa jina lake, na anayepaka rangi ya anga mwambie mkono wake una baraka. Msalimie mlinzi wa getini na anayewapikia. Bi Nyeleni anakusalimu na anauliza Malkia wa Umande ataliacha lini lile gauni la kijani, halimkai. Mzee Kaba anasalimu pia, na anaomba mthibitishe kwa maandishi suala la mama yake Yero. Demba angekusalimu vizuri kuliko sisi sote, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Wako katika majonzi na makaa,

Cemoko Balo,
aliyechomwa mkuki kupitia televisheni

Nyongeza, Jumanne. Mama, subiri kwanza, usifanye lolote.

Jana jioni niliisoma barua hii kwa sauti kijiweni ili Mzee Kaba anirekebishie herufi. Demba alikuwepo, amekaa na adabu zake, mikono magotini. Nilipofika pale pa jembe zuri nikasikia sauti kama ya kiriba kilichotoboka. Nikainua macho, Demba yuko chini, yeye na kigoda chake. "Wiki tano!" anapiga ardhi kwa kiganja. "Wiki tano nimemlisha heshima, amekonda kama waya! Mla masizi we, umemwandikia mpaka mkubwa wa Bamako!"

Kumbe alipanga. Kule kusimama, kofia magotini, maziwa, yote. Bi Nyeleni alijua. Kaba alijua. Jirani aliuleta ule mchuzi kwa kutumwa. Imamu alijua, na yeye alicheka kwa staha, kwa kujifunika mdomo na ncha ya kilemba. Demba alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayapangusa, yakatoka tena, akayapangusa. Alisema ni ya kicheko. Sikumdadisi, na yangu hakuyadadisi.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote isipokuwa la nundu. Damu iacheni ilivyo, tone kwa tone. Wahunzi nimewaambia warudi kazini, ingawa walikuwa hawajatoka.

Ila nina ombi moja kuhusu kipindi cha mwisho. Najua mmepanga Nfaji aifue radi kubwa kuliko zote na kumrushia Yero. Msifanye hivyo, mtakuwa mmemhurumia mno. Nfaji ampokee Yero mlangoni. Amvutie kiti. Amwite mheshimiwa. Awasifu ng'ombe wake, mmoja mmoja, kwa sauti ya upole, kipindi kizima, asicheke hata kidogo, na ninyi mtuchoree uso wa Yero kwa karibu.

Inafanya kazi, nimeshaijaribu. Leo asubuhi Demba alipita akiniita mla masizi kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nikatoka, nikamsalimu kwa mikono miwili, nikamwambia ukoo wa Sangare umelijalia soko letu mtu wa hekima. Mpaka saa hizi hajala chakula cha mchana.