Mbuzi Anayengoja Harusi ya Bariki

Jumatano, 9 Julai

Baridi. Mlima umejifunika, na mimi pia. Mgongo unauma kama nimeuazima kwa mtu aliyeutumia vibaya.

Leo nilimleta Tabitha. Mpango ulikuwa mzuri mno, mwenyewe niliusifu. Tabitha akae jikoni. Bariki, mjukuu wangu, akifika kutoka mjini kunisalimu, msichana atokee na chai, kichwa kimeinama, shingo inaonekana. Mwanaume gani anaikataa shingo?

Wangu. Alimpokea birika. Akamtengenezea simu iliyokuwa haiingizi chaji. Wakacheka! Nikaanza kuimba moyoni ule wimbo wa kuingiza maharusi. Kisha akamsindikiza barabarani na kurudi kabla chai haijapoa. Babu yake alinisindikiza mimi mpaka fisi wakaanza kulia. Jioni Tabitha kapiga simu kushukuru. Eti Bibi, una mjukuu mzuri, ni kama kaka yangu kabisa. Kaka! Sikula.

Bariki naye alisema lake, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo inayochoma. Bibi, huyu ni wa tano. Akasema kuna karakana Mwanza inamtaka, mafundi umeme wa magari kama yeye hawapatikani kule, na nikileta msichana mwingine anafunga begi. Mwanza! Nimemlea tangu mama yake alipofariki, hajui hata kufunga vifungo vya shati. Akienda nitabaki nakula na Kamati.

Kamati ni mbuzi. Nimemnenepesha kwa ajili ya ndafu ya harusi ya Bariki: abanikwe mzima, awekwe mezani na majani mdomoni, maharusi wamkate, walishane, kisha wawalishe wazazi. Mzazi ni mimi, sina mwenzangu. Sasa mbuzi anazeeka. Meno yake yamekuwa kama yangu. Leo kala ndala yangu ya kulia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekutana na Magreth tukifagia kanisa. Magreth ni jirani, ndiye mkubwa wa sauti ya pili kwenye kwaya, na mdomo wake hauhitaji kengele. Mjukuu wake Godwin kaoa Pasaka, na mpaka leo anaitaja ile ndafu. Akauliza Kamati hajambo. Nikamwambia hajambo, anakusalimu. Akasema muda si mrefu atafaa supu tu. Nilifagia mpaka nikafagia miguu yake.

Nimefikiri upya. Kosa langu lilikuwa kuleta wasichana kabla ya kuondoa kizuizi. Kizuizi kina jina: Lemomo. Kila Jumamosi nikimpigia Bariki, yuko na Lemomo. Wanapika na Lemomo. Wanasafiri na Lemomo. Huyo kijana ni wa Kisongo, kazi yake ni masaji, anakanda wageni. Mwanaume mzima, ng'ombe wa baba yake wapo, yeye anapaka watu mafuta! Ndiye anayemfundisha mjukuu wangu raha za ukapera.

Kesho naenda kumwona adui kwa macho.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefika Kaloleni kwenye chumba cha Bariki bila taarifa, na mkungu wa ndizi kichwani ili wasiweze kunifukuza. Walikuwa watatu. Bariki. Lemomo, mrefu, mpole, mikono kama makasia. Na Romanus, fundi wa kushona suti, ambaye aliniangalia mara moja akasema shikamoo Bibi, gauni lako limeshuka upande wa kushoto. Kweli limeshuka. Tangu ubatizo wa Bariki.

Nilikuja na maneno makali. Sikuyatumia. Romanus alikuwa anasimulia safari yake ya Unguja, alivyokwenda kukandwa kupunguza mawazo baada ya kuachwa, kumbe mkandaji naye kaachwa wiki hiyo hiyo. Akawa anamkanda huku analia, machozi yanadondoka mgongoni, Romanus akidhani ni mafuta ya bei ghali. Mwishowe Romanus ndiye aliyeamka akamkanda mkandaji. Nilicheka nikapaliwa na ndizi. Lemomo akanipiga mgongoni mara moja tu, ikatoka. Adui kaniokoa! Aibu gani hii.

Kitu kimoja sikukipenda. Samaki alipoletwa, Lemomo alimtoa miiba, kisha akasukuma sahani kwa Bariki. Hawakutazamana hata. Nikasema mjukuu wangu ana mikono. Romanus akaanza kukohoa.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda Kisongo anakofanyia kazi Lemomo. Mpango: nimwagize masaji, akishanishika mgongo hawezi kukimbia, nimwambie amwachie Bariki aoe.

Nilikataa kuvua sweta. Lemomo akasema Koko, sweta haiumwi. Koko ndiyo bibi kwao. Nikavua, nikabaki na kanga tatu na kilemba. Kitanda kina tundu la kuwekea uso. Nilidhani ni la kutemea. Kuna redio inayotoa mlio wa maji yanayotiririka, nikaenda msalani mara mbili.

Kisha akaanza. Ee Mungu wangu. Mimi ni mkunga, nimekanda wazazi wa kata nzima kwa maji ya moto, najua mkono. Huyu ana mkono. Alipofika kiunoni nilisahau nimekuja kufanya nini. Alipofika mabegani nilimwambia yote bila kuulizwa: Mwanza, Kamati, na kwamba Jumamosi wakienda kuoga kwenye chemchemi ya Chemka nitajialika, nimbebe Elinipa, binti wa mwinjilisti wetu, nimpandishe garini kama msaidizi wangu. Nilitoa siri zote kama gunia lililotobolewa. Kisha nikakoroma.

Aliponivalisha sweta akasema, sauti ndogo, Koko, nakuomba usimlete huyo dada. Bariki ataondoka kweli. Na mimi sitaki aondoke.

Ndiyo! Adui akikuomba usifanye jambo, ndilo la kufanya.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefanya.

Niliwaambia Elinipa amekuja kunibebea fimbo. Fimbo ni moja na nilikuwa nimeishika mimi. Elinipa na Romanus walipatana papo hapo, wakaimba njia nzima. Huyo msichana ana sauti ya kuamsha maiti na hakunibebea chochote.

Kule ni pazuri, maji ya bluu, mizizi imeingia mpaka chini, visamaki vinakudonoa miguu. Nilikaa ukingoni nikamsukuma Elinipa aende karibu na Bariki. Nikamsukuma kwa fimbo. Akateleza akamwangukia Romanus. Bariki kugeuka kuona kelele, msuli wa mguu ukamkaza, akazama, akaibuka, akazama. Mimi nimesimama napiga yowe, fimbo hewani, bibi mzima kama mwanakwaya aliyesahau maneno.

Lemomo alimtoa. Akamlaza kwenye majani, akaukanda ule mguu taratibu, anamwambia pumua, pumua, niko hapa. Bariki akafumba macho, akaweka kichwa begani kwa Lemomo. Uso ule naujua. Ndio aliokuwa nao akilala mgongoni kwangu nikipalilia kahawa.

Elinipa alikuja akatafuna hindi pembeni yangu. Akasema Bibi, umenileta kuchumbiwa na mtu mwenye mtu wake? Nikamuuliza mtu gani. Akaniangalia nilivyomwangalia mbuzi aliyekula ndala.

Basi nikaelewa. Wanapendana hawa, kama mke na mume, na kuliko wake na waume wengi niliowazalisha. Mkunga mimi! Naijua mimba kabla mwenyewe hajajijua, na hili lililokaa mbele yangu na sahani ya samaki nimeshindwa kuliona.

Njiani kurudi Bariki alisema mwisho wa mwezi anakwenda Mwanza. Lemomo akageukia dirishani. Hata Elinipa aliacha kuimba.

Jumatatu, 21 Julai

Jana ibadani sikusikia mahubiri, nilikuwa nagombana na Mungu kimoyomoyo. Nilimwambia ulinipa mjukuu mmoja. Ungetaka niwe mchaguzi ungenipa kumi.

Leo asubuhi Magreth kaja na simu mkononi. Elinipa kaweka picha ya Chemka watu wote waione: wanaume watatu, yeye, na mimi nyuma na fimbo. Magreth anauliza, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi: mbona Bariki hana mke, na huyu mrefu aliyemshika bega ni nani?

Nilihisi baridi kuliko ya mlima. Maneno ya namna hiyo nayajua yanakoishia. Watu wametolewa vyombo nje, wengine wamelala polisi, kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikafungua mdomo, na ukatoka uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuuzaa. Nikasema wewe Magreth, huna aibu, hao ni wataalamu wa kukanda! Wameniingiza kwenye maji ya moto kwa ajili ya mgongo wangu. Huyo mrefu ndiye mkuu wao, Bariki alikazwa na msuli wa mguu akawa anamhudumia, na kila Jumamosi watakuwa hapa kwangu kunitibu. Unamsema vibaya tabibu wa mwenzako, na wewe ndiye unayeongoza sala?

Akatahayari. Nikafurahi. Nikasahau kwamba Magreth ana goti.

Jumamosi, 26 Julai

Walikuja saba. Sauti ya pili yote! Wamekaa uani na chupa za chai, kila mmoja na kiungo chake. Magreth mbele, goti limefunuliwa tayari.

Nilikuwa nimempigia Lemomo aje, nikampigia Romanus, nikampigia Bariki nikamwambia naumwa sana. Alikuja mbio na begi lake la Mwanza likiwa limeshafungwa. Akakuta kwaya.

Nikamvuta nyuma ya banda la Kamati nikamweleza uongo wangu wote, na Magreth alichouliza. Nikamwambia, nimekuona Chemka. Nimewaona. Sitaleta msichana tena, na atakayekugusa atapita kwanza kwenye fimbo hii. Akauliza, sauti ya mtoto, Bibi, huoni aibu? Nikamwambia aibu ninayo, nimeangusha binti wa mwinjilisti majini. Akacheka na kulia kwa pamoja. Akainama kunifunga sweta, nilikuwa nimekosea vifungo.

Lemomo alikanda wanne, wakalala kwenye mikeka kama maboga. Romanus, ambaye hajawahi kukanda mtu isipokuwa yule wa Unguja, akapewa Magreth. Alilikanda goti kama anapiga pasi suti: akalirushia maji, akalinyoosha, akalikunja, akapulizia. Magreth anasema tangu azaliwe hajapata mkono kama ule. Anataka tena Jumamosi ijayo.

Wageni hawaendi na njaa. Kamati akachinjwa. Bariki na Romanus walimbanika mzima. Alikuwa mgumu, mzee yule, lakini alinukia.

Kabla ya kumtoa Kamati nje niliwaita Bariki na Lemomo jikoni. Nikafunga mlango. Nikasema onjeni chumvi. Nikakata kipande cha kwanza nikampa Bariki mkononi, nikamwambia si wewe unayeonja, mwonjeshe mwenzako. Wakaelewa. Bariki akamlisha, naye akamlisha Bariki. Kisha wakanigeukia wakanilisha mimi, wote wawili kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Sikuweza kutafuna. Nilisingizia meno.

Nje Magreth akapaza sauti, chumvi imetosha? Nikamjibu imetosha, tulia na goti lako.

Jioni Bariki aliwapigia wa Mwanza kuwaambia hapana. Begi kalifungulia kwangu. Nguo zote zilikuwa zimekunjwa vizuri, na juu kabisa, sweta yangu ya zamani. Mwizi.

Jumapili, 27 Julai

Mgongo mzuri. Nimetoa sadaka na kuimba sauti ya kwanza, Magreth akashangaa.

Nimelala nikimfikiria Romanus. Kijana mcheshi, mpishi, anatambua gauni lililoshuka, na, kwa alivyoniambia Bariki, yuko peke yake tangu mwanaume wake amwache. Haiwezekani. Huko Kikatiti kuna Dismasi, fundi makochi, miaka arobaini, hajaoa, na anapiga pasi mpaka leso. Nimemwambia Lemomo. Akasema Koko, si kila mwanaume anayepiga pasi leso yuko hivyo, tafadhali usimguse mtu huyo. Bariki akasikia, akasema kwa adabu kwamba nafasi ya Mwanza bado haijapata mtu.

Nimewaapia wote wawili kwamba nimeacha.

Baada ya ibada nimepitia mnadani. Mbuzi mdogo, mweupe, masikio marefu. Nimemwita Kamati wa Pili. Kashaanza kula ndala ya kushoto.

Jumamosi Romanus atakuja kunipimia mapazia, na Dismasi atakuja kuangalia kochi lililovunjika. Sina madirisha ya mapazia. Kochi nitalivunja Ijumaa. Romanus akishakaa, Dismasi atatokea jikoni na chai, kichwa kimeinama.

Nimemchunguza. Shingo anayo.