Kiti cha Mgonjwa Kwenye Kamati

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo jipya ukutani pale zahanati. Nimelisoma lote mpaka muhuri. Huduma za afya ya akili zinafanyiwa mageuzi. Zamani watu wazima walitibiwa jengo la mbele, wazee jengo la nyuma, kwenye ngazi zisizo hata na bomba la kushikilia. Sasa mlango utakuwa mmoja, na wauguzi watawafuata wazee majumbani. Kamati ya kushauri inaundwa. Kushauri! Mimi niliyemshauri waziri mzima (simtaji) namna ya kukalia kochi nililomtengenezea, asije akavunja springi. Akanisikiliza. Mpaka leo anakaa vile vile, kiupande.

Nikamweleza binti wa marehemu kaka, anayekuja karakana kunisaidia hesabu za wateja. Akaniambia nafasi iliyobaki ni moja tu, na ni ya mtu aliyewahi kutibiwa pale. "Ba'mdogo, wewe hata sindano ya pepopunda ulikimbia."

Uongo. Nilitembea haraka.

Kisha akalitazama lile kochi jekundu ambalo kaka aliliacha nusu. Mteja mwenye kochi alilifuata tena asubuhi, nikamfukuza tena. Binti akasema huenda ile nafasi inanifaa kuliko ninavyodhani. Bila shaka inanifaa. Ila sura yake sikuielewa.

Jumanne, 4 Machi

Pigo. Shemeji naye anakitaka kiti.

Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu mkuu mstaafu, tunamwita Mkaguzi kwa sababu hukagua mpaka sahani za wenzake. Leo kwa kinyozi, mbele ya watu, kasema waziwazi kwamba ana sonona, anatumia dawa miaka mingi, na zahanati ndiyo iliyomtoa kitandani. Kasema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Kinyozi akazima mashine kwa heshima. Mashine iliyokuwa ikininyoa mimi! Nusu ya kichwa changu bado!

Nikasema mimi pia naumwa. Kinyozi akauliza naumwa nini. Nikasema mengi. Akauliza lipi hasa. Nikamwambia amalize kwanza kichwa alichokianza.

Lakini akili haijalala. Nitakwenda zahanati, nitaigiza ugonjwa, nitafunguliwa jalada, basi. Shuleni niliwahi kuigiza maiti, na sitii chumvi, watu walikwenda kuchukua majembe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Kila kiatu na jozi yake, shati vifungo vimepishana. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami kwenye benchi akaona, akanifungia upya kimoja kimoja, taratibu, huku akinipa pole. Alipoitwa ndani nikavipishanisha tena. Kazi juu ya kazi.

Muuguzi ni mama wa makamo, sauti ya chini. Nikaanza na silaha kubwa: nasikia sauti. Akauliza zinasemaje. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema zinasifia kazi zangu. Hakuandika kitu. Akaweka kalamu chini, akauliza usingizi ukoje, nafanya kazi gani, nafanya na nani.

Hapo ndipo uigizaji ulipopamba moto. Nikamwambia nilikuwa nafanya na kaka, tangu ujana, yeye mbao mimi kitambaa. Kwamba tangu tumzike bado namimina chai vikombe viwili, kisha nakunywa vyote viwili ili mke wangu asione. Kwamba lile kochi alilipiga misumari mpaka katikati, na sioni mkono gani utaanzia pale alipoishia.

Nikalia. Kilio cha daraja la kwanza! Kamasi zilitoka zenyewe, jambo ambalo waigizaji wakubwa hawaliwezi. Nikajaribu kunyamaza nimweleze dalili nyingine nilizoandaa, ikashindikana. Kipaji kikishafunguka hakina breki.

"Baba," akaniambia, "hapa hakuna anayekuharakisha."

Ameniamini kabisa. Kaniandikia nirudi Alhamisi ijayo.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa kuchagua. Darasa la watoto wadogo, viti vya watoto wadogo. Nilipoinuka kuhutubia, changu kiliinuka nami.

Mkaguzi alisema maneno machache: ngazi ziwekwe bomba, wazee wasipange foleni tangu alfajiri, muuguzi akiahidi kuja nyumbani aje kweli. Makofi. Nami nikagusia ugonjwa wangu, nikapitia kwa waziri, na nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye springi ofisa wa afya aliponikatiza. Akataka nitaje jambo moja tu la kubadilisha. Nikasema benchi: liwekwe sponji, mtu mwenye huzuni asikalie mbao. Wakacheka. Yule mzee wa vifungo hakucheka. Akasema ni kweli, huwa linamuumiza.

Kura: Mkaguzi darasa zima. Mimi mikono miwili, wangu na wa mzee. Mke wangu kamnyooshea kaka yake. Tutaongea.

Mlangoni Mkaguzi akanisubiri. Nilijua amekuja kunikoga. Wala. "Shemeji, Alhamisi nilikuona ukitoka. Ijayo twende wote. Mwanzo ndio mgumu."

Nikamwambia ule ulikuwa uigizaji. Akasema naye siku ya kwanza alidai amemsindikiza jirani. Maskini, anajilinganisha na mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda, na Mkaguzi pembeni yangu kama askari. Nimekwenda ili wasinishuku tu. Msanii hashuki jukwaani katikati ya mchezo.

Muuguzi akataka nimsimulie la kuchekesha kuhusu kaka. Nikamsimulia siku alipojishonea mkono wa shati lake ndani ya kochi la mteja, akaagana na mteja akiwa amepiga magoti. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kulia, kucheka, yote kwa siku mbili! Na usingizi umerudi. Nimeligeuza godoro, ndiyo sababu.

Habari kubwa: kamati itaongeza kiti cha pili cha wagonjwa, cha wazee waliotimiza sitini. Papo hapo nikamwambia muuguzi nina sitini na tatu. Akatazama jalada, akanitazama, akasema sawa baba.

Uzee lakini haujifunzwi kwa siku moja. Unataka kuchechemea, kukohoa, kusahau. Nikamwomba anipangie kila Alhamisi mpaka mwisho wa mwezi ujao, nipate kuuzoea. Akanipangia zote bila hata swali.

Mama mwepesi kudanganywa kama huyu sijapata kumwona.