Mifupa Mia Mbili na Nne

Jumatatu, 3 Machi 1958
Barua imefika! Nafasi ya digrii ya zuolojia Makerere ni moja, waombaji wawili. Mimi, na Elinaza wa Akheri, mtoto wa mchungaji, aliyesomeshwa tangu anavaa kaptura. Mimi nimefaulu kwa masomo ya posta, mchana nachuna ngozi za wanyama, usiku nasoma kwa koroboi. Haki iko wapi? Tarehe 15 Mzungu wa chuo anakuja kutupima. Kila mtu alete mnyama aliyemtayarisha mwenyewe. Elinaza ana panzi. Panzi! Mimi nitapeleka mifupa mizima ya mnyama mkubwa.

Jumanne, 4 Machi
Punda wa Shangazi Mwanamkuu hali chakula. Ndiye hubeba maji kutoka Mto Themi, madebe manne kila asubuhi. Shangazi kasema, mwanangu Msafiri, kamwite bwana mifugo. Nikaenda hadi kona, nikavuta sigara, nikarudi: bwana mifugo kasafiri. Mbavu zinahesabika bila kuchuna. Kumi na nane kila upande.

Ijumaa, 7 Machi
Kafa alfajiri. Shangazi kalia kama kafiwa na mume. Nikamfariji, kisu mkononi.

Jumamosi, 8 Machi
Tatizo ni chombo cha kuchemshia. Mzee Shomari anatunza sufuria kubwa la mtaa, la pilau za harusi na misiba. Nikampa shikamoo mbili. Nikasema namsomea marehemu baba hitima. Akanibariki, akaniongezea na mwiko.

Jumapili, 9 Machi
Balaa! Nani alijua mzee ataalika watu? Adhuhuri uani watu thelathini na mmoja, kanzu safi. Bi Nusura, jirani, akauliza pilau gani hii inanuka hivi, akafunua mwenyewe. Fuvu likamchekea. Mzee Shomari akafoka: miaka ishirini watu wanakula humo, leo limepikiwa punda! Nikamwambia hii ni elimu. Akasema basi nikaile. Sufuria likatupwa korongoni. Nikalifuata, nikamalizia kuchemsha huko huko.

Jumamosi, 15 Machi
Mifupa 204 imesimama kwa waya, hakuna pengo. Mzungu akaizunguka mara tatu, akasifu. Kisha: alikufa kwa nini? Nikasema uzee. Akamgeukia Elinaza. Kijana yule akatia kidole kinywani mwa punda wangu! Akasema magego yameota ncha kama misumari, yakamchana ulimi na mashavu, akashindwa kutafuna. Angepigwa tupa kuzisawazisha, angekula siku ile ile. Nafasi kapewa yeye. Na panzi wake! Meno mimi niliyahesabu yote. Arobaini.
Shangazi kauliza kama punda wake amenifaulisha.

Jumatano, 19 Machi
Mvua. Siku ya kumi na mbili Shangazi anachota maji kwa kichwa, safari nne. Anakohoa. Tangu juzi hali chakula. Kasema, mwanangu, niitie daktari. Nikaenda hadi kona, nikavuta sigara.
Mzungu alisema mwakani nafasi itatoka tena.
Binadamu mzima ana mifupa 206. Miwili zaidi ya punda.