Mtufaha wa Marehemu Euclide Umekosa Adabu

Mireille wangu anaolewa! Anaolewa na daktari wa meno, Jumamosi tarehe 7 Juni, bustanini kwetu, chini ya maua ya mtufaha.

Ndugu Mhariri, sasa naweza kukusalimu. Hujambo? Mimi ni Délima Thibodeau wa nyumba ya kijani ukishavuka daraja, yule aliyekuletea jamu mwaka juzi na chupa hukurudisha. Niliishia darasa la nane, lakini binti yangu amesoma kwa niaba yetu sote. Ana shahada mbili za mimea, na picha yake ya joho nimeitundika dirishani, mleta barua aione akiwa barabarani.

Nakuandikia kwa heshima kuushtaki mti. Euclide, marehemu mume wangu, aliupanda siku Mireille alipozaliwa, akasema ndio utakaommwagia maua kichwani siku ya harusi yake. Euclide hayupo, mti upo. Siku hiyo mti ndio baba. Sasa ni baba gani anayefika harusini wiki mbili mapema, kisha akaenda zake?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Leo ni tarehe 17 Mei na vitumba vimeshapata rangi ya waridi. Mlango wa stoo yangu una tarehe za maua ya bustani yetu tangu enzi za mama mkwe, kwa penseli: tarehe 5 Juni, tarehe 8 Juni, tarehe 4 Juni. Kwa hiyo mti unaijua siku yake. Unafanya makusudi.

2. Februari ilidanganya. Katikati ya baridi ilituletea siku nne za jua, watu wakaanika shuka nje, na mti, ambao hauna akili za aliyeupanda, ukaamini. Naomba gazeti lako liikanye Februari kwenye ukurasa wa mbele.

3. Nimejaribu kuurudi kwa upole. Shemeji yangu Anselme, mtu wa samaki, aliniletea masanduku sita ya barafu ya kuhifadhia samaki, nikalizungushia shina ili mizizi idhani bado ni baridi ya Machi. Mizizi haikudhani chochote. Paka wa barabara nzima ndio waliodhani ni Krismasi, na bustani inanuka chewa mpaka leo.

4. Mzee Fidèle, anayekodisha nyuki, ameshaleta mizinga na kuifungua. Nilimsihi awafungie ndani wiki mbili, wasiushawishi mti. Akasema hajaona nyuki anayengoja kadi ya mwaliko. Kwa hiyo naomba serikali itunge sheria: ua lolote litakalofunguka kabla ya tarehe 7 Juni lihesabiwe kuwa halijafunguka.

5. Hili ndilo linalonichoma. Mama wa bwana harusi, Bi Prudence wa mjini Halifax, mwanamke mwema tu, amenipigia simu kwamba nisihangaike, atakuja na maua ya plastiki, masanduku mawili, ayafunge matawini kwa waya. Plastiki, Ndugu Mhariri, juu ya mti wa Euclide. Nilimshukuru. Kisha nikaenda kukaa stoo peke yangu.

Sitaficha kwamba Mireille alinionya tangu Januari. Alisema miaka hii joto linawahi na miti inawahi nalo, tuweke Mei. Nikamwambia kitabu hakijapata kuchuma tufaha hata moja. Tarehe haibadiliki. Mwanamke wa ukoo wetu akishataja siku, kalenda ndiyo imfuate.

Basi chapisha amri, kwa herufi kubwa, mti ufumbe vitumba vyake mpaka uitwe. Nitaubandika ukurasa huo shinani mwenyewe.

Nisalimie mkeo, wanao, fundi wa mtambo, na yule bibi wa matangazo ya vifo, mwambie kwetu hana kazi kwa sasa.

Ni mimi, mwenye haki nyingi na subira kidogo,
Délima Thibodeau, Mama Mireille

Nyongeza: Sijafunga bahasha, Mireille ameingia stoo kuchota unga, akaisoma barua hii kupitia begani kwangu. Hakucheka. Alilisukuma pipa la unga kutoka mlangoni, akasema, "Mama, inama usome na za chini."

Nikainama. Tarehe 31 Mei. 28. 25. 22. Zinashuka kama ngazi, na mwandiko ni wangu. Kila mwaka nalisogeza pipa, napiga goti, naandika moja, nalirudisha, ya juu yake siitazami. Katikati upo mstari mmoja wa Euclide, wa mwaka ule nilipovunjika mguu: "Tarehe 26 Mei. Umewahi tena. Délima asiambiwe, ataugombeza."

Nimekaa sakafuni kidogo.

Barua usiichapishe. Chapisha hili tu: Bi Prudence aache plastiki yake garini, na bonde letu zima lije na njaa, maana pai ya viazi na kuku ipo ya kutosha. Harusi ni saa nne asubuhi, Jumamosi ijayo, tarehe 24 Mei.