Nusu Sekunde ya Shemeji

6 Mei, Jumatatu

Siku njema sana. Nimemshinda shemeji kwa hesabu mbele ya kantini nzima.

Ilianza hivi. Mdogo wake mke wangu, mshona foronya za magodoro hapa kiwandani, ndiye mrushaji wa timu ya softiboli ya wanawake. Akasema mezani kwamba mpira wake ni mgumu kuupiga kuliko wa besiboli. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mimi, karani wa stoo, mpigaji wa tatu katika timu ya besiboli ya wanaume! Nikatoa kalamu. Besiboli: kilomita 140 kwa saa. Softiboli yake: 95. Tena mpira wao ni mkubwa, hata aliyesahau miwani nyumbani anauona. Mgumu upi?

Akaniuliza kama niko tayari kujaribu. Niko tayari! Jumamosi, mipira mitatu. Nikiupiga mmoja tu ukaenda mbele, hata kwa kubingirika, uwanja wa kiwanda unabaki wetu Jumamosi zote za msimu. Nikishindwa, wanauchukua wao. Meneja ni shahidi.

Wenzangu wa timu sikuwauliza. Shujaa haombi ruhusa.

7 Mei, Jumanne

Fundi mitambo, ambaye ndiye nahodha wetu, amepata habari. Hakufurahi. Zamu zake zinamwachia Jumamosi tu, na uwanja ule ndio pumziko lake pekee. Akasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Kisha akauliza shemeji husimama umbali gani anaporusha. Nikamjibu umbali ni shida ya mrushaji, si yangu.

Akachukua kalamu yangu mwenyewe. Wanaume, mita kumi na nane na kitu. Wanawake, kumi na tatu. Mpira wa shemeji una mwendo mdogo lakini safari yake ni fupi. Yote miwili humfikia mpigaji kwa karibu nusu sekunde. Sawasawa kabisa!

Basi nimeshinda, nikamwambia, maana besiboli naipiga kila wiki. Akauliza hiyo 140 nimeitoa wapi. Kwenye televisheni. Akanikumbusha kwamba mrushaji wetu ni mpishi wa kantini, mwenye bega bovu, na kwamba alishampima mwendo kwa programu ya simu: 90. Kutoka kule mbali, mpira wa mpishi hunipa robo tatu ya sekunde. Shemeji atanipa nusu.

Robo sekunde ni kitu gani? Hata kupiga chafya haitoshi. Nimekula chakula changu chote.

8 Mei, Jumatano

Mazoezi ya jicho na mkono. Mke wangu anashika rula juu, anaiachia ghafla, mimi naidaka kwa vidole viwili. Anayeidaka mapema ndiye mwepesi. Nimeidaka kwenye sentimita ishirini na saba. Mara nyingine ilinipita yote ikaangukia bakuli la mboga. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, akaomba naye ajaribu. Kumi na tano. Bila kuweka kikombe chake chini. Nikampongeza kwa adabu zote. Rula ile ina kasoro.

Ila jambo moja limeniingia. Jicho linapomaliza kuuarifu mkono, nusu ya ile nusu sekunde imeshakwisha. Kumbe tatizo ni jicho. Nimelifuta kwenye mpango.

9 Mei, Alhamisi

Upelelezi. Wanawake hufanya mazoezi asubuhi kabla ya kengele, kwenye maegesho ya malori, juu ya kokoto. Nilijificha nyuma ya rundo la sponji mbovu. Shemeji huzungusha mkono mduara mzima, kisha mpira unatoka usawa wa nyonga. Tangu mkono unapoanza mpaka mpira kutua kwenye glavu ya mdakaji ni "moja, na, mbili". Kila mara! Basi nikizungusha rungu la kupigia kwenye "na", tutakutana tu mimi na mpira, sina haja ya kuuona. Huu ni ugunduzi.

Wakaniona. Tumbo lilitangulia kuchungulia. Shemeji akasema kwa kuwa nimeshafika, nisaidie kuokota mipira. Nimeokota arobaini. Nikayaona magoti ya wale kina dada, kokoto zimeyachubua vibaya. Niliona aibu, kweli. Ikapita baada ya chai.

10 Mei, Ijumaa

Mke wangu akihesabu, mimi nikizungusha. Kamba ya nguo imekatika, mashati matatu yako kwa jirani. Mafanikio! Mke akauliza, je, mdogo wake akiamua kupunguza mwendo? Nikamwambia mtu wa heshima hamfanyii hivyo shemeji yake. Akaenda kuchukua mashati kwa jirani.

11 Mei, Jumamosi

USHINDI!

Nieleze kwa utulivu. Kiwanda kizima kilikuwa pembeni. Fundi hakukaa, alishika uzio kwa mikono miwili. Niliogopa, nakiri. Lakini maji nilishayavulia nguo.

Mpira wa kwanza. Nikasahau ugunduzi, nikatumia macho. Rungu langu lilipopita, mpira ulikuwa kwenye glavu na mdakaji alishaanza kuurudisha.

Wa pili. Moja, na! Nikazunguka mzima, nikaketi chini. Mpira ukaja baadaye, taratibu, ukanipita nimekaa. Alipunguza mwendo! Meneja alicheka mpaka akafuta machozi.

Wa tatu. Nikafumba macho. Moja, na... Ko! Mikono ikaniwasha hadi mabegani. Nilipofumbua, mpira ulikuwa unabingirika mbele ya miguu ya shemeji, na Fundi alishaninyanyua juu kama godoro la futi tatu. Uwanja ni wetu! Mpishi alilia. Shemeji akanipa mkono, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wenzake wakakusanya glavu zao, wakarudi kwenye kokoto.

12 Mei, Jumapili

Shemeji amepita nyumbani kunipongeza rasmi. Nikamsimulia mpira wa tatu tangu mwanzo, mara mbili. Akasikiliza. Kisha akasema, kwa upole tu, kuna watu wanadai nilikuwa nimefumba macho. Kwamba nilibahatisha.

Kubahatisha! Mimi! Wembe ni ule ule, nikamwambia. Jumamosi ijayo, mipira mitatu mingine, na uwanja ndio dau. Tena ili watu wasiseme nimependelewa, nikamruhusu asogee mbele mita mbili. Mwendo wake si utabaki 95? Akauliza kama nina uhakika. Nikamwandikia kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye pochi, akaondoka anaimba.

Maskini, hajui hesabu. Fundi nitamwambia Ijumaa.